Hadithi ya mchungaji Bouffier na milima yetu ya Kivu

Mwaka 1953 gazeti la Kiamerika Reader's Digest lilimwomba mwandishi Mfaransa Jean Giono aandike habari za mtu wa ajabu kuliko wote aliopata kukutana nao maishani. Giono akatuma habari za mchungaji wa kondoo, jina lake Elzéard Bouffier, aliyeotesha msitu mzima kwa mkono wake mwenyewe katika milima mikavu ya Provence, kusini mwa Ufaransa. Wenye gazeti wakamtafuta mtu huyo, wasione alama yake popote, wakaikataa hadithi. Mwaka 1954 ikapigwa chapa katika gazeti jingine, Vogue, na tangu hapo imezunguka dunia kwa lugha nyingi. Mwaka 1987 Frédéric Back wa Kanada akaitengenezea sinema ya picha za kuchorwa, ya nusu saa, nayo ikapata zawadi ya Oscar mwaka 1988. Giono mwenyewe, alipoulizwa mwaka 1957 na bwana mkubwa wa maji na misitu wa Digne, alijibu kwa barua kwamba Bouffier hakuwako kamwe. Alimtunga ili watu waipende miti.

Tunaanza na jambo hilo ili tuliondoe njiani. Hadithi ya mfano si uwongo. Bwana wetu alifundisha kwa mifano, na hakuna mwenye akili aliyekwenda njia ya Yeriko kutafuta nyumba ya wageni ya yule Msamaria. Lakini mfano unapaswa kusema kweli juu ya vitu vinavyotajwa ndani yake. Mfano wa mpanzi unaeleweka na kila mkulima, kwani ndege, mawe na miiba ya Injili ndiyo ndege, mawe na miiba ya shamba lake. Basi tuupime mfano wa Giono vivyo hivyo, tukiwa na jembe mkononi. Jambo hili si mchezo kwetu. Katika maparokia yetu kitabu hiki kinasomwa na vijana, sinema inaonyeshwa, na wakiisha kuitazama wanachukua miche na kupanda mlimani. Wakipanda vibaya kwa sababu ya kitabu kizuri, hasara ni ya watu wanaokaa chini ya mlima.

Hadithi ni fupi. Mwaka 1913 msimulizi, kijana bado, anatembea kwa miguu pale milima ya Alpes inaposhuka kuingia Provence. Anakuta kijiji kilichokufa: nyumba tano sita bila paa, kanisa dogo ambalo mnara wake umeanguka, chemchemi iliyokauka, na upepo usio na huruma. Mchungaji mmoja, mwenye miaka 55, mjane aliyefiwa vilevile na mwana wake wa pekee, anampa maji na kumlaza kwake. Jioni anamwaga mfuko wa mbegu za mti wa mwaloni juu ya meza, anazichagua moja moja, anatupa ndogo na zilizopasuka, mpaka apate mia nzuri kabisa. Kesho yake anaziloweka katika ndoo, anakwenda mlimani na fimbo ya chuma, anatoboa shimo, anatia mbegu, anafukia. Katika miaka mitatu amekwisha kupanda 100,000. Zimeota 20,000, na nusu ya hizo anategemea kuzipoteza kwa panya na kwa yale ambayo Mungu peke yake anayajua. Msimulizi anakwenda vitani, anarudi mwaka 1920, anakuta msitu wenye urefu wa kilometa 11, na maji yanatembea katika vijito ambavyo tangu zamani vilikuwa vikavu. Vita vya pili vinapita. Mwaka 1945 kijiji cha Vergons, kilichokuwa na watu watatu tu, kina watu 28, bustani za mboga, na maji tele kisimani. Mzee anakufa kwa amani mwaka 1947 katika nyumba ya wazee ya Banon.

Uzuri wa kitabu hiki uko hasa katika ile meza ya mbegu. Sisi tunaofundisha katekisimu tunajua kazi ya namna hiyo, ya kurudia neno moja siku zote bila kuona matunda. Giono hamsifu Bouffier kwa maneno makubwa. Anaonyesha vidole vyake tu. Tena hamfichi alipokosa: mwaka mmoja mzee alipanda miti ya namna fulani, ile ambayo Wafaransa huiita *érable*, zaidi ya 10,000, ikafa yote. Mwaka uliofuata akaiacha, akashika mti mwingine, nao ukafaa kupita hata mwaloni. Alipoona kondoo wanakula miche, akawauza, akabaki na wanne, akaweka mizinga 100 ya nyuki. Huyu ni mkulima wa kweli: anautii mlima, wala haulazimishi.

Sasa tuseme tusiyoyapenda.

La kwanza ni maji. Giono anaruka kutoka mti hata maji kama mtu anayeruka mtaro gizani. Miti imepandwa, basi chemchemi zimerudi. Kati ya hayo mawili hasemi neno. Msomaji anafunga kitabu akiamini kwamba mti, mti wowote, unavuta maji kama sumaku inavyovuta msumari. Hapa ndipo tunapotaka kukaa kidogo, kwani jambo lenyewe lililorukwa, yaani udongo, ndilo linaloponya mlima au kuuua.

Tone kubwa la mvua huanguka kwa mwendo wa karibu mita 9 kwa sekunde. Likipiga udongo mtupu, linauvunja. Vumbi lake laini linaziba vitundu vya ardhi, na juu panakuwa na ganda kama la ugali uliokauka sufuriani. Maji yanayofuata hayana pa kuingia. Yanateremka, yanakusanyika, yanachimba kifereji. Kifereji kinazaa mfereji, na baada ya misimu michache kuna korongo ambalo ng'ombe hawezi kulivuka. Maji yale yangeingia ardhini, yangelala humo na kutoka polepole kwenye chemchemi wakati wa kiangazi. Sasa yamekwisha kufika ziwani siku ile ile, pamoja na udongo wa juu wenye rutuba. Kwa hiyo kijiji kimoja kinaweza kufurikwa mwezi wa nne na kukosa maji ya kunywa mwezi wa saba, watu wakastaajabu kama kwamba ni misiba miwili. Ni msiba mmoja.

Mlima mzima hufanyaje? Juu ya ardhi kuna majani makavu na nyasi. Tone linaangukia humo na kupoteza nguvu. Chini yake kuna minyoo, mchwa, kuvu na mizizi. Mzizi mzee unaooza unaacha bomba, nyungunyungu anaacha tundu, na maji yanashuka kwa njia hizo elfu elfu. Mlima ulio hai ni kama sifongo, na kazi kubwa inafanywa na vile vilivyo chini ya goti la mtu. Mti mrefu peke yake hauwezi kuifanya. Hata wenye kupima wameona kwamba maji yanayokusanyika juu ya majani ya mti mrefu huanguka tena kwa matone makubwa, na kama chini hakuna majani makavu wala nyasi, ardhi inapigwa karibu sawa na ilivyokuwa uwanjani.

Kila mtu wa Kivu na atazame kilima cha mikalitusi. Ni miti, ndiyo. Inasimama kama askari katika mstari. Lakini nyasi chini yake ni chache, majani yake makavu yameokotwa kuwashia moto, na mvua ikinyesha maji mekundu yanateremka kati ya mashina. Tena mti huo unakua upesi kwa sababu unakunywa sana. Mwaka 1982 wataalamu wawili, Bosch na Hewlett, walikusanya vipimo vya mabonde 94 ya mahali mbalimbali duniani, wakaona kwamba kwa kawaida msitu unapopandwa mahali penye nyasi, maji ya mto yanapungua, kwani miti nayo inakunywa. Hatusemi hayo ili watu waichukie mikalitusi. Inatupa nguzo za nyumba na kuni, na bila hiyo msitu wa Kahuzi ungekatwa upesi zaidi. Tunasema kwamba anayeupanda juu ya chemchemi, akimtegemea Bouffier kwamba maji yatarudi, amedanganywa na kitabu. Mahali ambapo ardhi imekwisha kuwa ngumu kama sakafu, maji yanaweza kurudi kweli, lakini ni pale udongo unapofunguka tena, na kufunguka huko kunaweza kuletwa na nyasi, vichaka, mboji, na miti ya namna nyingi pamoja.

Inashangaza kwamba Giono hakuyasema haya, kwani inchi yake mwenyewe ilikuwa imefundishwa zamani. Mwaka 1841 Alexandre Surell, injinia wa barabara na vilalo, aliandika kitabu juu ya mito ya hasira ya Alpes. Alionyesha kwamba mto wa namna hiyo una sehemu tatu. Juu kuna kama bakuli kubwa, ambamo maji ya mlima yanakusanyika. Katikati kuna shingo nyembamba yanamopita kwa nguvu. Chini, mahali mlima unapokutana na bonde, kuna mteremko mpana kama upepeo uliofunguliwa, ambapo mto unatua mawe na matope uliyoyabeba. Bakuli la juu likiwa na msitu na nyasi, mto unalala. Likikatwa na kulishwa kondoo kupita kiasi, mto unaamka. Na watu hupenda kujenga wapi? Juu ya ule upepeo, kwani pana tambarare, udongo mzuri, na njia inapita.

Msomaji wa Kalehe amekwisha kuelewa. Siku ya Alhamisi, tarehe 4 mwezi wa 5, 2023, mvua kubwa ilinyesha juu ya milima inayotazama ziwa Kivu. Huko Bushushu na Nyamukubi mito ikashuka na mawe makubwa na matope, ikafagia nyumba na watu. Nyamukubi ilikuwa siku ya soko. Zaidi ya watu 400 walizikwa, na wengi hawakuonekana tena hata leo. Mungu awapokee. Mvua ile ilikuwa kubwa mno, na hakuna mwenye haki ya kusema kwamba msitu ungaliizuia yote. Lakini bakuli la juu lilikuwa limelimwa hata kwenye miteremko mikali, na kijiji kilikaa juu ya upepeo. Surell angepatambua pale bila kuonyeshwa na mtu. Vilevile Uvira, mwezi wa nne mwaka 2020, mto Mulongwe uliposhuka kutoka milimani na kuingia mjini.

La pili tusilolipenda ni upweke wa Bouffier. Katika kitabu chote hana jirani. Hakuna mwanamke mwenye kuni kichwani, hakuna mtoto wa kulishwa, hakuna chifu. Wafaransa wa kweli walioponya milima ile hawakuwa hivyo. Kisha mafuriko makubwa ya mwaka 1856, Leta yao ilitunga sheria ya 1860 ya kuirudishia milima miti. Wenye kondoo wakakataa kwa hasira, kwani malisho yao yalichukuliwa. Mwaka 1864 ikabidi itungwe sheria nyingine iliyokubali kupanda nyasi badala ya miti, ili wachungaji wapumue. Halafu ikaja ya 1882. Wafanyakazi walijenga kuta ndogo za mawe katika makorongo, moja juu ya nyingine, ili kupunguza mwendo wa maji. Wakashika udongo kwa nyasi na vichaka. Miti mikubwa ikafuata. Kazi ya miaka mingi, ya watu wengi, yenye fedha, magomvi na machozi. Hayo yote Giono ameyafuta, akaweka mzee mmoja na fimbo yake.

Sisi tunayo kumbukumbu yetu juu ya jambo hilo. Katika miaka ya 1950 Wabelgiji waliwalazimisha watu wa Kivu kuchimba mitaro na kupanda mistari ya majani marefu kukata mteremko, ili kuzuia mmomonyoko. Kama kazi ya udongo, ilikuwa na akili. Mistari ile ilishika ardhi kweli. Lakini ilifanywa kwa amri ya kapita, kwa faini na kifungo, na mkulima hakuulizwa lo lote. Uhuru ulipokuja mwaka 1960, watu waliiacha mitaro kama mtu anavyotupa mzigo wa bwana wake, na mahali pengi wakailima mistari yenyewe. Wazee hata leo wanalitaja jambo lile kati ya mateso ya ukoloni. Basi tumeona udongo ukitunzwa bila watu, na tumeona mwisho wake.

Kuna ukurasa mmoja, mbele kabisa katika hadithi, ambapo Giono alikaribia kusema haya, kisha akaondoka. Ni ukurasa wa wachoma makala. Anaeleza vijiji vinne vitano vya watu wanaokata miti, wanachoma makala na kuyapeleka mjini, na jinsi umaskini huo unavyowala: wanashindana kwa kila kitu, kuanzia bei ya makala hata kiti cha kanisani. Ni maneno machungu, na ni ya kweli. Aliyeona magunia ya makala yakishuka usiku kwenda Bukavu au Goma, juu ya migongo ya wanawake na juu ya baiskeli, anawajua watu hao kwa majina. Tena tunakumbuka mwaka 1994, wakimbizi wengi kupita hesabu walipokaa karibu na Goma, na miti ya Virunga ikawa sufuria za maharagwe. Nani atawalaumu? Mtu mwenye njaa hapiki kwa ahadi.

Lakini Giono anawaacha wachoma makala pale. Mwishoni anatuambia tu kwamba wenyeji wa zamani wamekuwa wapole, hawatambulikani tena. Walipika kwa nini? Waliuza nini mahali pa makala? Hakuna jibu. Alama moja tu ameiacha: yule mkubwa wa misitu, rafiki wa Bouffier, aliweka walinzi watatu, akawatisha sana hata wasikubali matabishi ya wakata miti. Sentensi moja! Sisi tungetoa kurasa kumi za upepo na ndege ili tupate sentensi tano zaidi za namna hiyo, kwani kati ya mlinzi, matabishi na gunia la makala ndipo msitu wetu unapoishi au kufa. Sinema ya Back, ambayo kwa macho ni nzuri kupita kitabu, haisaidii hapa. Rangi zinatoka kahawia hadi kijani polepole, moyo unafurahi, na swali la chakula cha jioni linazidi kusahauliwa.

La tatu ni neno dogo ambalo wasomaji wa Ulaya hulipita bila kusimama. Msimulizi anamwuliza mchungaji kama ardhi ile ni yake. Anasema hapana. Ni ya nani? Hajui, labda ya kijiji chote, labda ya watu wasioijali. Haimsumbui. Anapanda.

Katika Bushi mtu hawezi kupita neno hilo. Ardhi ya mlimani ina mwenyewe siku zote. Mwenye kalinzi, aliyetoa haki ya mwami, anaweza kupanda ndizi, kahawa na miti, na wana wake watarithi. Lakini maskini wengi wanalima kwa bwasa: wanakodi kipande kwa msimu mmoja au miwili, na sharti la kwanza ni kwamba wasipande kitu cha kudumu, kwani mti ni alama ya umiliki, na mwenye shamba anaogopa kunyang'anywa. Mtu wa bwasa analima muhogo na maharagwe, anavuna, anaondoka. Kwa nini achimbe mtaro ambao mwingine atafaidi? Kwa nini alete mboji? Hata akiwa na moyo wa Bouffier na mbegu mia mezani, akipanda moja tu anafukuzwa. Hatujaona hotuba ya utunzaji wa mazingira iliyoanza na jambo hili, ingawa zote zinamlaumu mkulima wa mteremko.

Marehemu Baba Mtakatifu Fransisko, katika barua yake Laudato Si' ya mwaka 2015, alitaja bonde la Kongo na la Amazonia kama mapafu ya dunia, na alifundisha kwamba kilio cha inchi na kilio cha maskini vinasikika pamoja. Kitabu cha Mwanzo nacho kinasema kwamba mtu aliwekwa bustanini ailime na aitunze, mambo mawili kwa mtu yule yule. Giono ameyagawa: wenye kulima na kukata wako upande mmoja, mwenye kutunza yuko upande mwingine, peke yake na mbwa wake.

Hata hivyo tunawashauri walimu wakisome kitabu hiki na vijana, maana kwa muda wa saa moja kinafundisha uvumilivu kuliko hotuba nyingi. Wasisome tu mpaka mwisho na kupiga makofi. Kwenye ukurasa wa makala wasimame, wawaulize watoto nyumbani kwao wanapika na nini, na gunia ni franka ngapi. Kwenye maji wasimame tena, wawapeleke kwenye kilima, mahali pawili: penye nyasi na majani makavu, na pale palipofagiliwa. Wamwage kopo moja moja la maji, wahesabu ni muda gani linaingia.

Na kwenye neno lile la mwenye ardhi wasimame zaidi, wakubwa pamoja na wadogo. Parokia nyingi zina viwanja vya tangu wakati wa wamisionari, na vipande vyake vinakodishwa kwa wajane na vijana kwa masharti yale yale ya bwasa, msimu kwa msimu, bila ruhusa ya kupanda mti. Halmashauri ya parokia inaweza kubadili sharti hilo katika mkutano mmoja: miaka kumi badala ya msimu, na miti ya matunda na mistari ya majani iwe mali ya aliyeipanda, hata akiondoka alipwe thamani yake.